Karafuu Mbichi Kwenye Mizani

Jumamosi iliyopita nilizungumza juu ya kupunguza uzito na kikundi chetu cha mazoezi hapa Wete, Pemba, pamoja na wageni waliotoka Konde na Micheweni. Ni msimu wa karafuu, nusu ya wenzetu wako makambini, na wameniomba niwaandikie yote kama nilivyoyasema. Nimeacha tu dakika za kukatika umeme na ule mtafaruku wa mtoto aliyeanguka na kiti. Hakuumia, alikuwa akitaka kashata.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi kina baba mliokaa karibu na mlango kama watu wanaosubiri nafasi ya kutoroka: karibuni, sogeeni mbele. Hakuna atakayepandishwa mizani hadharani leo. Naapa.

Nina swali, na nataka lijibiwe na mtu anayeijua karafuu. Umechuma, umechambua makonyo, vile vijiti vyake, umezipima mbichi: kilo 30. Ukazianika kwenye jamvi siku nne, siku tano, jua zuri, mpaka ukiivunja karafuu inalia. Ukirudi kwenye mizani utapata ngapi?

(Mzee mmoja kwa nyuma: "Kumi.")

Kumi. Ahsante baba. Haya, hizo kilo 20 zimekwenda wapi? Kuna mwizi? Karafuu zimepungua hesabu? Hazikupungua hata punje. Kilichoondoka ni maji.

Basi mtu akinijia akaniambia, "Bi Nesi, nimepunguza kilo 4 kwa wiki moja," mimi jamvi la karafuu ndilo linalonijia machoni. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu moja ya akiba ile inakaa na maji, gramu 3 hivi. Ukiacha kula ghafla, akiba inatumika ndani ya siku mbili tatu, na maji yake yanatoka kwa mkojo. Mizani inaporomoka. Unampigia simu shoga yako, unampigia dada yako aliyeko Unguja. Ijumaa kuna harusi, unakula sahani moja ya pilau, sahani moja tu ya adabu, na Jumapili kilo 2 zimerudi. Unalia. Unasema, "Mimi mwili wangu ni wa asili, haupungui." Kwani ulipungua lini? Ulianikwa.

Mafuta hayatoki hivyo. Mafuta yanatoka taratibu, na leo nimekuja kuzungumzia hiyo taratibu: nusu kilo kwa wiki, ikizidi sana kilo moja. Najua mnaguna. Nimewasikia.

Ngoja niwape kisa, mtaona kwa nini nang'ang'ania.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa zamu ya usiku, hospitali siitaji. Saa nane za usiku kaka wawili wakaingia wamembeba dada yao kwenye kanga. Msichana mzuri, harusi imebaki wiki tatu. Midomo imekauka imepasuka. Nikamshika mkono kutafuta mapigo: yanakwenda mbio, yanakosa moja, yanakwenda mbio tena. Tukamuwekea dripu. Nikamuuliza umekula nini, akanyamaza. Nikamuuliza tena kwa sauti ya mama. Ndiyo akasema: asubuhi sanamaki, ile dawa ya kuendesha, jioni sanamaki, mchana kipande cha tikiti na chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na juu yake unga fulani aliouziwa kwenye pakiti isiyo na jina. Siku 12.

Mnajua sanamaki inafanya kazi wapi? Kwenye utumbo mpana, kule mwisho. Wakati chakula kinafika kule, mwili ulishachukua chake huku juu kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo unapokaa chooni unaendesha, unatoa nini? Unatoa maji. Unatoa chumvi za mwili. Unatoa potasiamu, na potasiamu ndiyo inayousaidia moyo kupiga kwa mpangilio. Mafuta yako yamekaa pale pale, yanakutazama.

Ule unga sikuwahi kujua ulikuwa na nini. Lakini najua kwamba kuna dawa ikiitwa sibutramine, ya kuzuia hamu ya kula, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Na mpaka leo wakaguzi katika nchi mbalimbali wanaikuta imechanganywa kwa siri ndani ya vidonge na chai zinazouzwa kama "mitishamba mitupu". Ukiuziwa kitu cha kupunguza mwili, muulize muuzaji kama kimesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa. Akianza kukujibu kwa maneno mengi, shika mkoba wako uondoke.

Sijamaliza kisa. Alfajiri, mtoto ametulia, natoka nje ya wodi, mama yake amenisubiri kwenye korido. Macho mekundu, hakulala. Nikadhani ataniuliza kama mwanawe atapona. Akaniuliza, "Lakini mwanangu, amepungua kilo ngapi?"

Nimekaa na swali lile miaka yote. Sikumkasirikia mama yule. Na yeye alikuwa ameambiwa na watu, gauni limeshashonwa.

Wenye karafuu nawarudia tena. Karafuu zikirundikwa mbichi, zikapata joto, zikavunda, mkizianika zinatoka nini? Mpeta. Na mpeta ni nyepesi, sivyo? Ukitaka wepesi mtupu, mpeta inao. Haina mafuta ndani, haina harufu, haina mnunuzi. Mtu anayejikondesha kwa pupa hapotezi mafuta peke yake, anapoteza na nyama ya misuli, ile ile inayombeba ngazi na kumwinua kwenye sijda. Na wanaopungua kwa kasi kubwa wanajiweka karibu zaidi na vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Muulizeni aliyewahi kuumwa navyo atakwambieni maumivu yale ni ya namna gani.

Sasa hesabu. Msiogope, ni ya dukani.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya kiasi cha kalori 7,700. Ukitaka nusu kilo iondoke kwa wiki, upunguze kalori 550 kwa siku. Ni nyingi? Tazameni.

Mwaka jana nilimpa mwenzangu mmoja wa kazini gilasi tupu. Nikamwambia, leo kila unapotia sukari kwenye chai yako, tia na kwenye gilasi hii vile vile. Vijiko viwili kwenye chai, viwili kwenye gilasi. Saa kumi na mbili jioni alikuja kwangu ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Tukahesabu: vijiko 17. Akaitazama, akaitikisa, akasema, "Hii yote mimi?" Gilasi yenyewe hii hapa. Ipitisheni muione. Ni gramu 68 hivi, na Shirika la Afya Duniani linatwambia tukae chini ya 50, na ni bora zaidi tukibaki kwenye 25, ambazo ni vijiko sita. Na hiyo ni chai peke yake. Halua ya hapa kwetu Wete sijaigusa, maana nataka kurudi nyumbani salama.

Mtu huyo akitoka vijiko 17 akaja vitano, amepunguza kalori 190. Soda yake ya mchana akiiacha, 140. Chapati zake tatu za asubuhi, zile za mafuta, zikawa mbili, kama 250. Jumlisheni. Amepita 550, na hakulala na njaa hata siku moja, na mkate wake wa boflo hakuukosa, na hakununua kitu kutoka China.

Tatizo letu jingine ni sinia. Nalipenda sinia, ni udugu, sisemi tuliache. Lakini nani kati yetu, tumekaa watano, anaweza kusema amekula wali kiasi gani? Unakula ukuta wako, halafu ukuta unabomoka kutoka kwa jirani, unaupokea. Mimi sasa najitengea upande wangu tangu mwanzo: mchicha na samaki kwanza, wali baadaye, na mchuzi napika kwa tui la pili, kasimile, lile tui zito la kwanza, naiweka kwa siku ya wageni. Theluthi tatu za tumbo mmezisikia msikitini tangu utotoni, sina haja ya kuwasomesha. Na Ramadhani mnajua wenyewe. Tunafunga mchana kutwa, tunafungua kwa majimbi ya nazi, shelisheli ya nazi, kaimati za shira, kisha mwezi wa Shawwal tunamlaumu fundi cherehani.

Nije kwenye habari yangu mwenyewe.

Nilifika kilo 94. Mimi nesi, ninayewaambia wengine. Presha vidonge viwili. Nikajaribu kupungua kwa haraka mara tatu, na mara zote tatu nilipungua, na mara zote tatu kilo zikarudi na riba. Na riba mnajua hukumu yake. (Kicheko.) Mwili haujui kwamba unataka kuvaa gauni. Mwili unadhani nchi imeingia njaa, unaongeza hamu ya kula, unabana matumizi, na ukiulegezea kidogo unajaza ghala.

Mara ya nne nikasema potelea mbali, sitahesabu siku. Ilinichukua miezi 11. Kilo 13. Gawanyeni wenyewe mtaona haifiki hata nusu kilo kwa wiki, ni gramu mia mbili na kitu, na ndani yake kulikuwa na wiki saba mizani haikutikisika kabisa. Wiki saba! Kila Ijumaa asubuhi napanda, kila Ijumaa namba ile ile. Ingekuwa zamani ningeitupa mizani na kuagiza sambusa. Lakini nguo zilikuwa zinalegea, na presha ilikuwa inashuka. Nilipopoteza kilo 5 tu daktari akanipunguzia kidonge kimoja. Daktari ndiye aliyepunguza, mnanisikia? Msije mkasema Bi Nesi katwambia tuache dawa.

Ndiyo maana nawaambia shabaha ya kwanza iwe asilimia 5 ya uzito wako. Una kilo 90? Ni kilo 4 na nusu. Ukienda nusu kilo kwa wiki, wiki tisa. Hapo sukari, presha na mafuta ya kwenye damu vinaanza kusikia, hata kama kioo bado hakijaona kitu.

Mtaniuliza, na zile sindano zinazosifiwa kwenye simu? Hiyo ni dawa kweli, inaitwa semaglutide, ina kazi yake na wagonjwa wake, na ni ya daktari. Lakini sikilizeni hesabu yake. Katika utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2021, waliochomwa sindano hiyo walipungua wastani wa kilo 15 katika wiki 68. Wiki 68! Ukigawa ni gramu 220 na kitu kwa wiki, karibu sawa na mwendo wangu mimi wa kuacha sukari. Na walipoacha sindano, ndani ya mwaka mmoja theluthi mbili ya kilo zile zilikuwa zimerudi. Dawa inayosifiwa dunia nzima inakwenda mwendo ule. Wewe unataka kilo 10 kabla ya Idi, kwa maji ya limau?

Sasa kuna jambo ambalo hakuna kitabu cha afya kilichonitayarisha nalo. Watu.

Nilipofikia kilo 85 wifi yangu alikuja kutoka Mkoani. Akanitazama mlangoni, hakusalimu. "Wifi, kaka yetu kakufanya nini?" Jioni jirani akaleta bakuli la supu, kaletea mgonjwa. Mtu mmoja akamuuliza mume wangu pembeni kama nimeshapima damu. Kwetu mtu akinenepa tunamwambia umenawiri, mashaallah. Akipungua tunamwambia pole. Na tusiwacheke wazee kwa hili. Wao wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1970, mchele ulipokuwa adimu na watu wakapanga foleni kwa vibaba. Aliyepitia yale, mashavu yaliyojaa kwake ni habari njema, na hawezi kukusifu kwa kuyapoteza.

Na wana haki kwa upande mmoja. Ukiona unapungua na hukubadilisha kitu, unakula kama kawaida na nguo zinakuvuka, usishukuru. Nenda kapime sukari, kapime kifua kikuu. Kupungua kusikoitwa ni dalili.

Hao wanaokuuliza kwa mapenzi nawe wajibu kwa mapenzi. Mimi wifi yangu nilimpeleka jikoni, nikampikia mchicha wa nazi nyepesi na changu wa kuchoma, tukala. Akasema, "Kumbe unakula!" Alidhani naishi kwa maji.

Mazoezi nitayapita mbio, maana nyinyi ndio mabingwa. Dakika 150 kwa wiki za kutembea mpaka uhisi pumzi, hiyo inatosha kuanzia: nusu saa, siku tano. Wapemba tumepewa vilima bure, wenzetu wa mjini Unguja wanalipia mashine ya kupanda. Tembea kutoka bandarini upande mpaka mjini bila kusimama kisha uje unieleze. Ila msidanganyike kwamba kutembea kunafuta sahani. Nusu saa yako ya kutembea ni sawa na soda moja tu, hivi hivi. Tembea kwa ajili ya moyo, presha na usingizi. Uzito utautafuta jikoni. Na tarehe 1 Januari, Siku ya Mazoezi, tunajaa barabarani na fulana za rangi moja, mashaallah. Tarehe 2 fulana inakuwa tambara la kufutia baiskeli. Nimeziona.

Nani asiingie kwenye mambo haya bila kumwona daktari? Mjamzito, asithubutu kujikondesha. Anayenyonyesha. Mtoto anayekua. Na mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza vidonge vya kushusha sukari: ukipunguza chakula na dawa ikabaki pale pale, sukari itashuka mno, utatetemeka, utatoka jasho, unaweza kuanguka. Nenda kwanza kliniki mkapange pamoja.

La mwisho, halafu tukanywe chai. Yenye vijiko vichache.

Nimewaambia mizani inababaishwa na maji. Mwanamke ndiyo zaidi, siku zake zikikaribia mwili unashika maji, kilo moja inapanda bila ya kula chochote. Kwa hiyo jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya chai, na usiishi kwa namba hiyo. Nimewaletea kipimo kingine. Huu hapa. Kina mama mnaujua: ukili. Ule mkanda wa kusuka tunaoshonea mikeka na mikoba, mwembamba wa kawaida, nimeusuka mwenyewe.

Njoo hapa dada, wewe uliyevaa kanga ya njano. Simama wima. Kanyaga ncha hii kwa kisigino. Nauvuta mpaka utosini, nakata hapa. Huo ndio urefu wako. Sasa naukunja katikati, ncha na ncha. Uzungushe kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Usiingize tumbo ndani, nimekuona! Pumua. Toa pumzi. Ncha zinakutana?

(Zilikutana, zikabaki vidole viwili. Ukumbi ukapiga makofi.)

Mashaallah. Kiuno chini ya nusu ya urefu, hapo ndipo tunapotaka. Ncha zisipokutana, mafuta yameshakaa ndani, kwenye ini na matumbo, na hayo ndiyo yanayoleta kisukari na presha hata kwa mtu ambaye mikono yake ni myembamba. Kina baba wenye miguu ya fimbo na kitambi mbele, nazungumza na nyinyi. Kila mtu akate ukili wake leo, autundike nyuma ya mlango wa chumba. Mwezi ujao uujaribu tena. Uone ncha zimesogeleana kiasi gani: unene wa kidole? Nusu kidole? Nusu kidole ni kazi kubwa, niamini.

Mwanzoni mimi ncha zangu zilikuwa mbali, shibiri nzima baina yao. Juzi zimegusana. Sikumwambia mtu, nilikaa kitandani nikacheka peke yangu.

Haya, anayetaka kutembea tukutane Jumatatu baada ya swala ya alfajiri, pale pale pa siku zote. Mje na maji, msije na viatu vipya. Gilasi ya sukari imefika wapi? Irudisheni mbele, ni ya seti. Na ukili uliobaki uko kwa nani? Uko kwa baba pale nyuma? Baba, ukishamaliza kujipima huko mlangoni niletee, huo ni wa mkoba wa watu.